Kaburi Kando ya Njia: Maisha ya Johann Ludwig Krapf

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Lesoni ya Juma Hili: Mwanzo 23:1–4, 2 Samweli 12:15–24, Nehemia 1:4, 2:1–8, Zaburi 126, Mathayo 14:10–14, 1 Wathesalonike 4:13–18.

Fungu la Kukariri: Zaburi 126:5. Lifungue katika Biblia yako, lisome kwa sauti mara tatu, kisha umfundishe mtu mmoja nyumbani kabla ya Sabato ijayo.

Katika nyumba nyingi za Bukoba na Muleba kaburi haliko mbali. Liko kibanjani, katikati ya migomba na mikahawa, mahali ambapo mwenye nyumba hupita kila asubuhi anapokwenda kukata ndizi. Nyumba nyingine hazina hata kaburi la kupita kando yake, maana tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na ziwa halikuwarudisha wote. Ongeza vita vya mwaka 1978 na 1979, ongeza ukimwi ulioanza kuonekana Kagera mwanzoni mwa miaka ya 1980, ongeza tetemeko la Septemba 2016. Kila ukoo una majina yake.

Siku za msiba watu hujaa. Wanaleta ndizi, kuni na maji. Wanaimba, wanaomba, wanalala hapo hapo. Kisha matanga huanuliwa. Mikeka inakunjwa, masufuria ya kuazima yanarudishwa kwa wenyewe, na aliyefiwa anabaki na kitu kimoja ambacho hakuna jirani awezaye kumbebea: siku ya kesho. Nifanye nini kesho? Niamke kwa ajili ya nani?

Juma hili tunafuata maisha ya mtu aliyelazimika kulijibu swali hilo akiwa peke yake, ugenini, akiwa na miaka 34. Jina lake ni Johann Ludwig Krapf. Wengi wanamjua kama mmisionari na msafiri. Sisi tutamwangalia kama mume aliyefiwa, na kuona jinsi Mungu alivyomrudishia furaha kwa njia ya kazi ndogo aliyojiwekea, wakati mipango yake mikubwa ilipokuwa ikivunjika.

JUMAPILI
Mtoto Aliyeitwa Chozi

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, kusini mwa Ujerumani, katika nyumba ya mkulima. Alijiunga na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, na mwaka 1837 akatumwa Ethiopia. Huko moyo wake ulishikwa na watu wa kabila la Waoromo, ambao wageni wa siku zile waliwaita Wagalla. Aliamini kwamba kama Waoromo wangepokea Injili, Afrika ya ndani yote ingefunguka. Hilo likawa lengo la maisha yake.

Mwaka 1842 alisafiri hadi Misri kumpokea mchumba wake, Rosine Dietrich, aliyetoka Basel, Uswisi. Hawakuwa wamewahi kuishi pamoja hata siku moja. Walifunga ndoa Alexandria, kisha wakaanza safari ya kurudi Ethiopia. Njiani, katika nyika kavu ya Washoho mbali na mji wowote, uchungu ulimshika Rosine kabla ya wakati. Mtoto wa kike alizaliwa, na hakuishi. Wazazi walimpa jina Eneba, neno la Kiamhari lenye maana ya chozi. Walimzika pale pale jangwani na kuendelea na safari, kwa sababu msafara haungeweza kusubiri.

Na mbele mlango ulikuwa umefungwa. Hawakuruhusiwa kuingia Ethiopia tena. Hivyo katika muda wa miezi michache Krapf alipoteza mtoto wa kwanza na kazi aliyoijua.

Soma Zaburi 126 yote. Watu waliokuwa wakilia hawakuacha kupanda. Lakini tazama pia kwamba Zaburi haiwalaumu kwa machozi yao. Machozi na mbegu vinakwenda pamoja katika shamba moja.

Krapf na mke wake walikubaliana kuwafikia Waoromo kwa njia nyingine: kuzunguka baharini na kuingia kutokea pwani ya Waswahili. Januari 1844 walifika Unguja, na Sultani Sayyid Said akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mwezi Mei wakahamia Mombasa. Rosine alikuwa mjamzito tena.

Je, umewahi kulazimika kuendelea na safari kabla hujamaliza kulia? Ni nini kilichokusaidia?

JUMATATU
Kaburi Upande wa Bara

Mapema Julai 1844 Rosine alijifungua binti mwingine. Siku hizo hizo homa kali ya pwani iliingia ndani ya nyumba. Mume na mke wote wawili walilala, na hapakuwa na daktari. Rosine, akijua kwamba hatapona, aliwaombea watu wa nchi ile. Aliomba pia azikwe upande wa bara, kando ya njia ya kwenda Rabai, ili kila apitaye aone kaburi na kukumbuka kilichowaleta. Alifariki akiwa na mumewe karibu, naye mumewe hakuwa na nguvu za kutosha hata kusimama vizuri. Siku chache baadaye mtoto naye akafariki, akazikwa pamoja na mama yake.

Tusipite haraka hapa. Wakati mwingine sisi waumini tunamharakisha aliyefiwa. Tunamwambia asilie, kwa kuwa kuna ufufuo. Ni kweli kwamba ufufuo upo, na wafu wamelala wakingoja sauti ya Bwana. Lakini Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Soma tena 1 Wathesalonike 4:13 uone anachokataza: ni huzuni isiyo na tumaini. Naye Bwana wetu alilia kaburini Bethania akijua vizuri atakachofanya dakika chache baadaye.

Katika Mwanzo 23 Ibrahimu alikuja kumwombolezea Sara na kumlilia. Baada ya kulia ndipo aliposimama kutoka mbele ya maiti wake na kwenda kuzungumza na wenyeji juu ya ardhi ya maziko. Biblia inataja kulia, na inataja kusimama. Aliyefiwa anahitaji vyote viwili, na kwa mpangilio huo.

Krapf alipopata nguvu ya kushika kalamu, aliwaandikia wakuu wake Uingereza. Hakuomba kurudishwa nyumbani. Aliwaeleza kwamba sasa lipo kaburi moja la mmisionari katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba kwake hiyo ilikuwa ishara kuwa mapambano yameanza, na saa ya kuliita bara zima iko karibu. Barua hiyo imesifiwa mahali pengi, nayo inastahili. Lakini barua nzuri huandikwa kwa siku moja. Siku iliyofuata Krapf aliamka katika nyumba tupu, na kwa karibu miaka miwili mbele yake hakuwa na mwenzake hata mmoja wa kazi.

Je, katika ukoo wenu aliyefiwa hupewa nafasi ya kulia kwa muda gani? Na baada ya hapo ni nani humsaidia kusimama?

JUMANNE
Daftari la Maneno

Alikuwa na nini mkononi? Hakuwa na kanisa, wala shule, wala mke. Afya yake ilikuwa mbovu. Waoromo walikuwa mbali, na njia ya kuwafikia haikuwa wazi. Mtu akitazama alichopoteza, angeona kwamba hakuna kitu cha kufanya.

Lakini mwezi mmoja kabla ya msiba, tarehe 8 Juni 1844, alikuwa ameanza jambo dogo. Aliketi na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin, mwanachuoni aliyekijua Kiswahili sanifu cha mji ule, wakaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Baada ya maziko Krapf aliirudia kazi ile. Sikio lake lilikuwa zima. Karatasi alikuwa nayo. Majirani walikuwa wakizungumza kila siku mlangoni pake. Basi akaandika maneno: jina la samaki, jina la chombo, kitendo cha mama sokoni, methali ya mzee barazani. Alichagua kuyaandika kwa herufi za Kirumi, ingawa Waswahili walikuwa wakiandika kwa herufi za Kiarabu tangu zamani. Uamuzi huo ulisaidia kuelekeza jinsi tunavyoandika lugha hii mpaka leo.

Hapa ndipo penye somo la juma hili. Lengo la zamani lilikuwa kubwa sana kwa mtu mwenye huzuni: kulifungua bara zima. Lengo jipya lilikuwa la ukubwa wa siku moja: maneno kadhaa leo, mistari michache kesho. Mtu aliyefiwa anaweza kulibeba. Jioni anaweza kutazama daftari na kuona kwamba siku haikupita bure. Na lengo hili lilimtoa nje. Huwezi kukusanya maneno ukiwa umejifungia chumbani; lazima usalimie, uulize, ukosee, uchekwe, usahihishwe. Kazi ile ilimrudisha Krapf kati ya watu.

Tena halikuwa lengo la kumsahau Rosine. Njia aliyopita kwenda vijijini bara kutafuta watu na maneno ilikuwa ile ile yenye kaburi lake kando. Alifanya kazi ambayo wote wawili waliijia.

Katika miaka michache alikuwa ametafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili. Sura za kwanza za Mwanzo zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Mwaka 1850 zilitoka sarufi yake ya Kiswahili na orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki.

Linganisha na Nehemia. Katika Nehemia 1:4 aliketi, akalia, akafunga, akaomba. Katika Nehemia 2:6–8 anamtajia mfalme muda, anataja barua anazohitaji, anataja miti ya malango. Maombi ya machozi yalizaa mpango wenye tarehe na vifaa.

Je, kama ungeorodhesha leo vitu vilivyobaki mkononi mwako, na kuacha kwa muda vile vilivyoondoka, orodha ingekuwa na nini?

JUMATANO
Wagonjwa Wawili Mlimani

Tarehe 10 Juni 1846 alishuka Mombasa mwenzake wa kwanza, Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake. Miezi miwili na nusu baadaye, tarehe 25 Agosti 1846, walihamia Rabai, kilimani kwa Wamijikenda, ambao wazee wao walikuwa wamekubali kuwapa mahali. Wote wawili walikuwa na homa siku ile. Kilima kiliwashinda karibu, na ni vigumu kufikiria misheni iliyoanza kwa udhaifu kuliko hiyo. Hata hivyo walipanda, na Krapf aliihesabu siku hiyo miongoni mwa siku kuu za maisha yake.

Zingatia kwamba furaha ilimrudia akiwa bado mgonjwa na bado mjane. Haikungoja huzuni iishe. Ilimkuta njiani, akipanda kilima pamoja na rafiki, kwenda kufanya kazi waliyokubaliana.

Tangu hapo habari zilianza kufunguka. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf, akiwa Ukambani kwa mtemi Kivoi, aliuona Mlima Kenya. Wataalamu wa Ulaya waliwacheka, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1849 aliongezeka Jakob Erhardt. Wamisionari wa Rabai walikuwa wakiwasikiliza wafanyabiashara wa misafara waliosimulia juu ya maji makubwa yaliyoko bara, na Erhardt na Rebmann wakachora ramani yenye ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la konokono. Ramani haikuwa sahihi, lakini ilipofika London katikati ya miaka ya 1850 iliwachochea wakuu wa jiografia kumtuma Burton na Speke. Mwaka 1858 Speke aliliona ziwa letu kutoka upande wa Mwanza. Mwaka 1861 alikuwa Karagwe, mgeni wa Mukama Rumanyika.

Hivyo ndugu wa Bukoba, unapotazama ziwa asubuhi, kumbuka kwamba moja ya njia zilizoiingiza pwani hii katika ramani za dunia ilianzia kwenye nyumba ya wamisionari wagonjwa, na nyuma ya nyumba hiyo kulikuwa na kaburi la mama na mtoto.

Soma Mathayo 14:10–14. Yesu aliposikia kifo cha Yohana alijitenga. Umati ulipomfuata, aliwahurumia na kuwaponya wagonjwa wao. Je, ni mgonjwa gani, yatima gani au mzee gani anayengoja ng'ambo ya huzuni yako?

ALHAMISI
Lengo Lililoshindikana

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, lakini maisha ya Krapf hayakwenda hivyo.

Ndoto yake kubwa ilikuwa mnyororo wa vituo vya misheni kutoka Mombasa kukata Afrika hadi pwani ya magharibi. Mwaka 1850 alikwenda Ulaya kuutetea mpango huo, na mwaka 1851 akarudi na watumishi wapya. Mmoja wao, Pfefferle, alifariki muda mfupi baada ya kufika. Wengine waliugua na kurudi kwao. Mwaka huo huo Krapf alisafiri tena kwenda Ukambani ili aanzishe kituo. Karibu na Mto Tana msafara ulishambuliwa, mtemi Kivoi akauawa, na Krapf akakimbia peke yake porini kwa siku nyingi, mwenye njaa na kiu, akibeba maji ndani ya mitutu ya bunduki yake kwa kukosa chombo. Mwaka 1853 afya ilimshinda kabisa. Aliondoka pwani akiwa na miaka 43. Mnyororo haukujengwa. Waoromo, waliokuwa lengo lake la kwanza, hakuwafikia.

Alikwenda kuishi Korntal, Ujerumani. Mwaka 1856 alioa tena, na mke huyo naye akatangulia kufa mwaka 1868. Lakini daftari alikuwa nalo. Katika miaka ya uzee aliendelea kupanga na kusahihisha maneno aliyoyakusanya Mombasa na Rabai. Mwaka 1862 alisafiri tena hadi pwani kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe. Mwaka 1875 Rebmann alirudi kutoka Rabai akiwa kipofu, baada ya miaka 29, na akaja kuishi Korntal. Mwaka huo huo, jirani na lilipo kaburi la Rosine, ulianzishwa mji wa Frere Town kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka utumwani. Watu walikuwa wakipita kando ya kaburi lile, kama alivyotaka.

Tarehe 26 Novemba 1881 Krapf alikutwa amefariki, amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka 1882, miaka 38 tangu msiba wa Mombasa.

Mpango mkubwa ulishindikana, na kazi ndogo ya kila siku ikabaki. Watafsiri waliokuja baadaye walikuta njia imeanza kufyekwa, hadi Biblia nzima ya Kiswahili ilipopatikana mwishoni mwa karne ile. Kila Sabato tunapofungua Biblia zetu Kagera, hata sisi ambao nyumbani tunazungumza Kihaya, tunakula matunda ya kazi iliyoanza kwenye baraza za Mombasa.

Je, kuna lengo ambalo kifo kimelivunja katika nyumba yako? Je, inawezekana ndani yake kuna sehemu ndogo inayoweza kuendelea?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma 2 Samweli 12:15–24. Daudi baada ya kifo cha mtoto aliondoka chini, akaoga, akabadili mavazi, akaenda nyumbani mwa Bwana, kisha akala. Ni hatua ndogo tano, na zote zinawezekana kwa siku moja.

Ukitaka kujiwekea lengo baada ya msiba, zingatia mambo matatu tuliyoyaona kwa Krapf. Kwanza, liwe dogo kiasi cha kuanza kesho. Usianze kwa kuuza kibanja au kuhama. Maamuzi makubwa yangoje moyo utulie. Pili, litumie kitu kilicho mkononi mwako tayari. Mjane mwenye migomba anaweza kuotesha miche kumi ya kahawa aliyokuwa akiipenda mumewe, na kuandika daftarini siku aliyoiotesha. Baba aliyefiwa na mtoto anaweza kumfundisha yatima wa jirani kusoma, nusu saa kila jioni. Bibi anaweza kuwasimulia wajukuu habari za ukoo, na mjukuu akaandika. Tatu, likutoe nje, likukutanishe na mtu mwingine. Hatufanyi haya kumtumikia marehemu, maana yeye amelala na hajui neno lolote. Tunafanya kwa sababu Mungu wa walio hai bado ana kazi nasi.

Na kama miezi imepita nawe huwezi kulala, huwezi kula, au unatamani kufa, usijifiche kwa kuona haya kwamba imani yako ni ndogo. Mwambie mzee wa kanisa au ndugu unayemwamini, naye akusindikize kwa daktari.

Maswali ya Kujadiliana

1. Krapf aliandika barua yenye ujasiri mkubwa, kisha akaishi karibu miaka miwili bila mwenzake wa kazi. Darasa lenu linamfuatiliaje aliyefiwa baada ya matanga kuanuliwa? Tajeni jina la mtu mmoja, na nani atamtembelea juma hili.

2. Kuna tofauti gani kati ya lengo linalomsaidia mtu kuhuzunika vizuri na shughuli nyingi zinazomsaidia kuikimbia huzuni? Mtaitambuaje?

3. Wapo kati yetu ambao wapendwa wao hawakupatikana ziwani, hivyo hawana kaburi. Mnaweza kufanya nini pamoja nao ili tumaini la 1 Wathesalonike 4:16 liwe karibu nao?

4. Kila mmoja aandike lengo moja la juma lijalo kwa sentensi moja, akitaja siku atakayoanza. Sabato ijayo, kabla ya somo, ulizaneni mmefikia wapi.